Jina la Mwandishi na Sauti ya Msimulizi: Historia ya Programu Huria za Marejeleo katika Taaluma ya Kiswahili kwa Mfano wa Sepuka, Singida

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya programu huria za kusimamia marejeleo na namna zinavyohusiana na uandishi wa kitaaluma katika Kiswahili. Mfano unaotumika ni maandishi yanayohusu eneo la Wanyaturu ilipo kata ya Sepuka mkoani Singida, kwa kuwa maandishi hayo yamehifadhiwa kwa lugha kadhaa na chini ya majina mengi ya watu, lugha na mahali. Makala inafuatilia safari kutoka bibliografia za kuchapwa hadi BibTeX, JabRef na Zotero, inaeleza mchango wa mradi wa Kilinux wa mwaka 2004, kisha inachambua vipengele vya sarufi ya Kiswahili ambavyo mifumo hiyo haikuviwazia. Inajengwa hoja kwamba faida kuu ya programu huria kwa wanaisimu na wanafasihi wa Kiswahili haimo katika kupatikana bila malipo. Imo katika ruhusa ya kurekebisha kanuni zinazoamua nani anatajwa kama mwandishi, kwa maneno gani na katika orodha ipi.

Istilahi za Msingi: marejeleo, programu huria, Zotero, Kilinux, ngeli, Wanyaturu

1.0 Utangulizi

Sepuka ni kata katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida, katikati mwa Tanzania. Iko katika nchi ya Wanyaturu, wakulima na wafugaji ambao lugha yao huitwa Kinyaturu. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kujua yaliyoandikwa kuhusu lugha, masimulizi au historia ya eneo hilo hukutana na tatizo kabla hajafungua kitabu cha kwanza, nalo ni tatizo la majina. Akitafuta neno "Ikungi", hatapata chochote cha zamani, kwa sababu wilaya hiyo ilianzishwa mwaka 2012 kwa kugawa Wilaya ya Singida Vijijini. Akitafuta "Wanyaturu", ataikosa kazi muhimu ya sarufi ambayo anwani yake haina neno hilo. Akitafuta kwa Kiswahili pekee, atakosa karibu kila kitu kilichochapishwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Tatizo hili ni la kale kuliko kompyuta. Hata hivyo, programu za kusimamia marejeleo zimelipa sura mpya. Programu hizo hukusanya taarifa za vitabu na makala, huzihifadhi katika hifadhidata, kisha huzipanga katika matini na katika orodha ya marejeleo kwa mtindo ambao jarida au chuo limeuchagua. Kazi iliyokuwa ikifanywa na jicho la mkutubi na mkono wa mwandishi sasa hufanywa na kanuni zilizoandikwa mapema na watu wengine, mbali na Singida na mbali na Kiswahili.

Swali linaloongoza makala hii ni hili: kanuni hizo zilitoka wapi, na wataalamu wa Kiswahili wana uwezo gani wa kuzibadili? Ili kulijibu, sehemu ya 2.0 inaangalia kumbukumbu zilizokuwapo kabla ya programu hizo, sehemu ya 3.0 na ya 4.0 zinasimulia historia ya programu zenyewe na kuingia kwa Kiswahili katika programu huria, na sehemu ya 5.0 na ya 6.0 zinachambua mahali ambapo sarufi na mapokeo simulizi hugongana na kanuni hizo.

2.0 Kumbukumbu za Nchi ya Wanyaturu kabla ya Programu

Maandishi ya kitaaluma kuhusu Wanyaturu ni machache, lakini yanatosha kuonesha ukubwa wa tatizo. Mwaka 1915 jarida la Kijerumani la Baessler-Archiv lilichapisha maelezo ya kiethnografia ya Eberhard von Sick, ambaye aliwaita watu hao "Waniaturu" na kuongeza jina la pili, "Walimi". Mwaka 1964 Howard Olson aliandika kuhusu fonolojia na mofolojia ya lugha hiyo akiiita "Rimi". Harold Schneider alichapisha mwaka 1970 uchambuzi wa uchumi wa kundi moja la Wanyaturu, The Wahi Wanyaturu. Marguerite Jellicoe naye alitoa mwaka 1978 kitabu The Long Path, kilichochapishwa Nairobi, kuhusu mabadiliko ya kijamii ya Wahi katika Wilaya ya Singida. Katika orodha ya Guthrie ya lugha za Kibantu lugha hiyo hiyo ina alama ya F.32, na katika viwango vya kimataifa vya majina ya lugha alama yake ni "rim", inayotokana na jina Rimi. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inaiweka lugha hiyo kwenye ramani miongoni mwa lugha nyingine za nchi.

Kwa hiyo lugha moja ina majina manne au matano, na eneo moja limepita katika utawala wa Kijerumani, Jimbo la Kati la Waingereza, Mkoa wa Singida baada ya uhuru, na hatimaye Wilaya ya Ikungi. Kila tabaka la utawala liliacha jina lake katika anwani za vitabu.

Bibliografia za kuchapwa zilikabili hali hii kwa busara ya mkusanyaji. Marcel van Spaandonck alitoa bibliografia ya Kiswahili mwaka 1965, na J.W.T. Allen alitoa mwaka 1970 orodha ya miswada na kanda za Kiswahili na Kiarabu zilizokuwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Kwa lugha nyingine za nchi, kazi kubwa ni bibliografia ya lugha za Tanzania ya Jouni Maho na Bonny Sands ya mwaka 2002. Katika kazi za namna hii mkusanyaji huamua jina moja liwe kichwa, kisha hupeleka majina mengine kwenye kichwa hicho. Msomaji anayefika na jina "Turu" au "Remi" huelekezwa mahali sahihi kwa kuwa kuna mtu aliyejua kwamba majina hayo ni ya lugha moja.

Tatizo hilo hilo linaigusa taaluma ya Kiswahili yenyewe. Jarida kongwe la taaluma hii lilianza kama taarifa ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, likaitwa Swahili, kisha Kiswahili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, imekuwa sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, tangu mwaka 2009. Mwanadamu anayesoma huunganisha majina hayo kwa urahisi. Mashine huyaona kama majarida tofauti na waandishi tofauti, isipokuwa iwe imeelezwa vinginevyo.

3.0 Kuzuka kwa Programu za Marejeleo

Programu za marejeleo zilizaliwa katika sayansi na hisabati. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Bell Labs nchini Marekani walikuwa na programu iliyoitwa refer, iliyochomeka marejeleo katika matini yaliyokuwa yakiandaliwa kwa kompyuta. Mwaka 1985 Oren Patashnik aliandika BibTeX ili itumike pamoja na mfumo wa LaTeX wa Leslie Lamport. BibTeX ilileta wazo ambalo bado linatawala: taarifa za kitabu zihifadhiwe mahali pamoja, na mtindo wa kuzionesha uhifadhiwe mahali pengine. Mwandishi huandika mara moja kwamba kitabu fulani kina mwandishi, anwani, mwaka na mchapishaji. Mpangilio wa nukta, mkato na mabano huamuliwa na faili la mtindo.

Wazo hilo lilikuwa huru, lakini halikuwa jepesi kwa wanafasihi na wanahistoria wasiozoea kuandika amri za kompyuta. Pengo hilo lilizibwa na programu za kibiashara, hasa EndNote, ambayo ilikuwa na madirisha na vitufe vinavyoeleweka lakini ilihitaji kununuliwa. Kwa upande wa programu huria, JabRef ilitolewa mwaka 2003 ikiwa na sura rafiki zaidi ya kuhariri mafaili ya BibTeX.

Mabadiliko makubwa kwa wanataaluma wa sanaa na sayansi za jamii yalikuja Oktoba 2006, pale Kituo cha Historia na Vyombo Vipya vya Habari cha Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, kilipotoa Zotero. Inafaa kuzingatia kwamba waanzilishi wake walikuwa wanahistoria. Jina lenyewe lilichukuliwa kutoka kitenzi cha Kialbania chenye maana ya kumudu jambo kwa kujifunza. Zotero ilianza kama nyongeza ya kivinjari cha Firefox, ikaweza kunasa taarifa za kitabu kutoka ukurasa wa maktaba uliofunguliwa, na msimbo chanzo wake uliwekwa wazi ili yeyote ausome, aurekebishe na kuusambaza.

Uhuru huo ulijaribiwa mahakamani mapema. Septemba 2008 kampuni ya Thomson Reuters, iliyomiliki EndNote wakati huo, ilikishtaki Chuo Kikuu cha George Mason katika jimbo la Virginia. Chanzo cha mgogoro kilikuwa uwezo mpya wa Zotero kusoma mafaili ya mitindo ya EndNote. Shauri hilo lilitupwa Juni 2009. Mgogoro huo haukuhusu vitabu wala makala za mtu yeyote. Ulihusu mafaili yanayoeleza mahali pa kuweka mkato, jina la mhariri na namba ya ukurasa. Kampuni kubwa iliona kwamba anayemiliki mtindo ana nguvu, na historia inaonesha haikukosea.

Jibu la jumuiya ya programu huria lilikuwa kuimarisha lugha wazi ya kueleza mitindo. Lugha hiyo, ijulikanayo kwa kifupi kama CSL, ilibuniwa na Bruce D'Arcus, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2010. Hifadhi yake sasa ina mitindo inayozidi 10,000, na hutumiwa na Zotero pamoja na programu nyingine, zikiwemo za kibiashara. CSL inatenganisha mambo mawili: mtindo, ambao ni mpangilio wa vipengele, na faili la lugha, ambalo lina maneno kama "na", "mhariri", "ukurasa" na majina ya miezi. Mtindo mmoja unaweza kutoa orodha ya Kijerumani au ya Kifaransa kwa kubadilisha faili la lugha tu. Pale ambapo neno halipo katika lugha iliyochaguliwa, mfumo hurejea kwenye Kiingereza cha Marekani. Kanuni hiyo ndogo ya kiufundi ina maana kubwa: lugha isiyofanyiwa kazi na wenyewe husemewa na lugha nyingine.

4.0 Kiswahili katika Programu Huria: Kilinux na Jambo

Wakati Zotero inatolewa, Kiswahili kilikuwa tayari kimeingia katika programu huria. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na kampuni ya IT46 ya Uswidi, ulitoa mwaka 2004 toleo la Kiswahili la OpenOffice.org lililoitwa Jambo. Kwa mara ya kwanza mwandishi aliweza kufungua programu ya kuandikia ambayo menyu na maelekezo yake yako katika Kiswahili, bila kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kwamba soko la Kiswahili lina faida.

Umuhimu wa Jambo kwa mada hii una pande mbili. Kwanza, OpenOffice.org ilikuwa na hifadhidata ndogo ya bibliografia ndani yake. Ilikuwa finyu ikilinganishwa na Zotero, lakini ina maana kwamba suala la marejeleo lilikuwa limeingia katika zana zilizofikiwa na Kiswahili miaka miwili kabla Zotero haijatolewa. Pili, mradi huo ulidhihirisha aina ya kazi inayohitajika. Maneno ya kompyuta hayawezi kutafsiriwa na mtaalamu wa kompyuta peke yake, wala na mwanaisimu asiyejua neno hilo litatokea wapi kwenye kioo. Istilahi kama "faili", "hariri", "hifadhi" na "chapa" zinafaa pale tu zinapotumika kwa namna moja katika programu nzima.

Mazingira ya miundombinu nayo yalibadilika. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, mwezi mmoja baada ya shauri la Zotero kutupwa. Lakini intaneti ya mkongo haikufika kila kata kwa wakati mmoja wala kwa kasi ile ile, na hapo muundo wa programu huwa na athari ya moja kwa moja. Zotero huhifadhi hifadhidata yake ndani ya kompyuta ya mtumiaji. Mtafiti aliyeko Sepuka kwa kazi ya uwandani anaweza kuingiza taarifa, kuandika madokezo na kupanga marejeleo bila mtandao, kisha kuoanisha kazi yake atakapofika mjini. Programu inayotegemea mtandao kila wakati humwacha mtafiti huyo na daftari lake.

Somo la umiliki wa taarifa lilijirudia pia. Mendeley, iliyopendwa kwa kuwa ilitolewa bila malipo, ilinunuliwa na kampuni ya Elsevier mwaka 2013. Mwaka 2018 hifadhidata yake iliyomo katika kompyuta za watumiaji ilianza kufungwa kwa msimbo wa siri, jambo lililowawekea ugumu waliotaka kuhamishia kazi zao kwenye programu nyingine. Kutolipa na kuwa huru si kitu kimoja.

5.0 Sarufi ya Kiswahili ndani ya Kanuni za Marejeleo

Mwandishi wa Kiswahili anayetumia programu hizi huona matokeo yake katika sentensi zake mwenyewe. Matini yake ni ya Kiswahili, lakini kati ya majina ya waandishi hutokea neno "and", baada ya jina la mhariri hutokea "Ed.", na kabla ya namba za kurasa hutokea "pp.". Wapo wanaosahihisha kwa mkono, na marekebisho hayo hufutika programu inapopanga upya orodha. Wengine huyaacha. Suluhisho linaloonekana wazi ni kuandaa faili la lugha la Kiswahili. Hata hivyo, kazi hiyo inahitaji uchambuzi wa sarufi pamoja na tafsiri, kama mifano mitatu ifuatayo inavyoonesha.

5.1 "Na wenzake" na "na wenzao"

Neno la Kilatini "et al." halibadiliki: lina maana ya "na wengine", bila kujali limetanguliwa na jina moja au matatu. Katika majarida ya Kiswahili hutumika zaidi "na wenzake". Umbo hili lina kiambishi cha umilikishi cha nafsi ya tatu umoja, hivyo linafaa pale tu panapotajwa mwandishi mmoja kabla yake. Mitindo inayotaja waandishi wawili au watatu kwanza hudai "na wenzao". CSL ina nafasi moja tu ya neno hilo, isiyo na umoja wala wingi. Faili la Kiswahili litakaloweka "na wenzake" litakuwa sahihi katika mitindo mingi na litakosea katika mingine. "Na wengine" ni sahihi kokote, lakini hupoteza kitu chenye thamani: neno "mwenza" hubeba maana ya ushirika ambayo Kilatini hakina.

Thamani hiyo inaonekana katika maandishi kuhusu Wanyaturu. Mwaka 1967 jarida la Transition lilichapisha makala kuhusu jua katika imani ya Wanyaturu, Praising the Sun, yenye waandishi watatu: Marguerite Jellicoe, Philip Puja na Jeremiah Sombi. Kwa toleo la 7 la mwongozo wa APA, kazi ya waandishi watatu hufupishwa tangu inapotajwa mara ya kwanza. Mtafiti anayefuata kanuni hiyo ataandika "Jellicoe na wenzake (1967)", na majina ya Puja na Sombi hayatatokea katika ukurasa wowote wa matini yake, isipokuwa katika orodha ya mwisho. Hakuna aliyekusudia kuwafuta. Kanuni ilitungwa ili kuokoa nafasi. Lakini katika eneo ambalo majina mengi yaliyo kwenye majalada ni ya wageni, kanuni hiyo hukata hasa yale majina machache ambayo mwanafunzi wa Singida angefurahi kuyaona. Katika programu huria, mhariri wa jarida anaweza kubadilisha namba moja katika faili la mtindo, na majina yote matatu yakabaki.

5.2 Upatanisho wa kisarufi

Kiingereza huandika namba ya mpangilio kwa kuongeza herufi mbili, kisha neno "toleo" lililofupishwa. Katika Kiswahili mpangilio ni kinyume, na kiunganishi hufuata ngeli: "toleo la 2", lakini "chapa ya 2" na "kitabu cha 2". CSL ilipanuliwa ili kukidhi lugha zenye jinsi ya kisarufi, na inatambua jinsi mbili, ya kiume na ya kike. Ngeli za Kiswahili hazitoshei humo. Njia inayowezekana ni kuweka kiunganishi ndani ya neno lenyewe, yaani kuandika "toleo la" kama neno moja katika faili la lugha na kuiacha namba bila kiambishi. Lakini hilo hufanya kazi iwapo tu mtindo unaweka neno kabla ya namba, na mitindo iliyotungwa kwa Kiingereza hufanya kinyume chake. Kwa hiyo tafsiri ya maneno haitoshi. Jarida la Kiswahili linahitaji mtindo wake.

Vitenzi navyo huleta ugumu wa namna hiyo. Mfano mzuri uko kwa majirani wa Wanyaturu. Mathias Mnyampala alichapisha mwaka 1954 kitabu cha Kiswahili kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, na mwaka 1995 Gregory Maddox alitoa tafsiri yake ya Kiingereza. Katika orodha ya Kiingereza, fungu moja la maneno hutosha kumtaja mfasiri wa kazi yoyote. Kwa Kiswahili kitabu "kimetafsiriwa", shairi "limetafsiriwa" na tamthilia "imetafsiriwa", na programu haijui ngeli ya kitu kilicho mbele yake. Lugha yenyewe ina njia ya kukwepa: nomino. "Tafsiri ya G. Maddox" au "mfasiri: G. Maddox" haihitaji upatanisho na kitu chochote. Kwa upande mwingine, baadhi ya maumbo huingia bila shida. CSL ina nafasi ya umoja na ya wingi kwa maneno kama mhariri na ukurasa, hivyo "mh." na "wah.", "uk." na "kur." hukaa mahali pake sawasawa.

5.3 Majina ya watu

Programu nyingi hugawa jina la mwandishi katika visanduku viwili: jina la ukoo na majina mengine. Mgawanyo huo unachukulia kwamba kila mtu ana jina la ukoo linalorithiwa. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki jina la pili ni la baba, na la tatu ni la babu. Shaaban Robert ni mfano unaojulikana: Robert ni jina la baba yake, na katika orodha za kitaaluma hupatikana mara chini ya "Robert", mara chini ya "Shaaban". Hifadhidata moja ikiwa na maumbo yote mawili, mwandishi mmoja hugeuka wawili. Majina yenye "bin" na "binti", kama Muyaka bin Haji na Mwana Kupona binti Msham, huvunjika vibaya zaidi, maana mashine huweza kumworodhesha mshairi kwa jina la baba yake.

Zotero inaruhusu kisanduku kimoja kinachohifadhi jina zima bila kulipindua. Kipengele hicho kiliwekwa kwa ajili ya majina ya taasisi, lakini kinafaa kwa washairi wa kale wa Kiswahili. Frank Bennett wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, alikwenda mbali zaidi kwa kutengeneza Juris-M, toleo la Zotero linalohifadhi anwani moja kwa lugha na hati zaidi ya moja. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu leseni iliruhusu. Kwa taaluma yenye miswada katika hati ya Kiarabu na unukuzi wake katika hati ya Kilatini, huo ni mfano wa kufuatwa.

6.0 Msimulizi na Orodha ya Marejeleo

Sehemu kubwa ya ujuzi kuhusu Sepuka haimo katika maandishi. Imo katika masimulizi, nyimbo, methali na maelezo ya wazee kuhusu ukoo, mvua na makazi. Mtafiti wa fasihi simulizi hurekodi ujuzi huo, kisha hukabiliwa na kanuni inayomnyang'anya msimulizi nafasi yake. Katika mtindo wa APA, mazungumzo ya ana kwa ana huhesabiwa kuwa mawasiliano binafsi. Hutajwa ndani ya matini lakini hayaingizwi katika orodha ya marejeleo, kwa hoja kwamba msomaji hawezi kuyafikia. Matokeo yake ni kwamba kitabu kilichoandikwa na mgeni kutokana na maneno ya wazee huingia katika orodha, na wazee wenyewe hubaki nje yake.

Programu zenyewe hazikatazi jambo hilo. Zotero ina aina ya kumbukumbu kwa ajili ya mahojiano, ambamo mhojiwa ndiye anayesimama mahali pa mwandishi na mhoji hutajwa baada yake. Ina pia aina ya kumbukumbu kwa ajili ya rekodi za sauti. Anayezuia ni mtindo, na mtindo hubadilika watu wakidai. Nchini Kanada, mkutubi Lorisia MacLeod alichapisha mwaka 2021 violezo vya kuwataja wazee na watunza maarifa wa jamii asilia katika orodha ya marejeleo yenyewe, wakiwa na jina, jamii na mahali pao. Violezo hivyo vilipokelewa na maktaba za vyuo mbalimbali. Jambo kama hilo linaweza kufanyika kwa msimulizi wa Sepuka: jina lake, lugha aliyosimulia, kijiji, kata, tarehe, na mahali rekodi ilipohifadhiwa. Ridhaa yake itangulie, kwa kuwa wapo watakaopenda kutajwa na wapo watakaokataa.

Sehemu ya "mahali" katika programu nayo inahitaji uangalifu. Katika kumbukumbu ya kitabu, mahali ni mji wa uchapishaji. Kwa hiyo kazi kuhusu Wahi itakuwa na neno "Nairobi", na Singida haitaonekana isipokuwa katika anwani. Mtafiti hana budi kuongeza lebo zake mwenyewe: Sepuka, Ikungi, Singida, Kinyaturu, Rimi, Turu, F.32. Kwa kufanya hivyo hurejesha kazi aliyokuwa akiifanya mkusanyaji wa bibliografia, ile ya kujua kwamba majina mengi ni ya kitu kimoja. Zotero huruhusu kundi la watafiti kutumia maktaba moja, hivyo lebo zilizowekwa na mmoja humfaa anayefuata.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kwamba kila hatua ya programu za marejeleo ilisukumwa na jumuiya iliyoona mahitaji yake hayajatimizwa. Wataalamu wa kompyuta walitengeneza BibTeX, wanahistoria wakatengeneza Zotero, mwanasheria wa Nagoya akatengeneza Juris-M, na wataalamu wa Dar es Salaam wakatengeneza Jambo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesubiri kampuni imfikirie. Kazi iliyobaki kwa upande wa Kiswahili ni ndogo kwa kiasi, ingawa inahitaji makubaliano. Faili la lugha lina mamia machache ya maneno, na mtindo wa jarida ni faili moja. Kinachochelewesha ni kwamba Kiswahili chenyewe hakijaamua. "Marejeo", "marejeleo" na "bibliografia" hutumika kwa maana moja katika majarida tofauti, na vifupisho vya mhariri na ukurasa hutofautiana kutoka mhariri hadi mhariri.

Wahariri wa majarida, TATAKI, BAKITA na BAKIZA wanazo nyenzo za kuafikiana kuhusu maneno hayo, na programu huria zinawapa mahali pa kuyaweka ili yafanye kazi. Kuanzia kwenye maneno ni rahisi. Kwenye majina na wasimulizi pana uzito zaidi, kwa kuwa hapo uamuzi wa mtindo ni uamuzi kuhusu haki ya kutajwa. Kabla mtafiti hajabonyeza kitufe cha kupanga orodha yake, inafaa ahesabu ni wangapi kati ya waliomfundisha habari za Sepuka wamo ndani ya orodha hiyo.